Jiwe Hili Halijaoshwa

Wale wanaosimulia habari za Mama Jeremy huko Manfuha, mtaa wa wageni hapa Riyadh, wanazisimulia ovyo. Nimewasikia Ijumaa nikila nao ugali chumbani kwa Hezron: eti alikuwa mchawi, eti alitoa jini ukutani kwenye mkahawa wa Jeddah, eti madam wake alizirai. Hakuna aliyezirai. Nilikuwapo, nimesimama hatua tatu kutoka kwenye koki ya maji, na kwa vile mimi ndiye dereva wa nyumba ile, mtanisikiliza mimi na Hezron atanyamaza.

Jina lake Celestine. Kwao ni Tabaka, kule Kisii, ambako ukichimba shambani unakutana na jiwe laini la kuchonga. Alikuja Riyadh kuwa shagala, kazi za ndani, kwa Madam Hind, mtaa wa Suwaidi, na mimi ndiye niliyetumwa kumchukua uwanja wa ndege. Wengine siku hiyo hulia, wengine huuliza kama nyumba ina waifai. Yeye aliniuliza swali moja tu.

"Baba, mlango wa chumba changu unafungwa kwa ndani?"

Nikamwambia sijui, chumba changu mimi kiko nje, kando ya geti. Akasema atauliza mwenyewe, na kweli aliuliza, kabla hajavua viatu. Madam Hind hakupenda. Nikajiambia huyu hamalizi mwezi.

Alimaliza miaka miwili. Mkataba ukaisha naye akaendelea kukaa, kwa sababu Madam Hind alikuwa bingwa wa kuahirisha. Likizo yako ni baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, ikawa baada ya Haji. Haji ikapita, ikawa baada ya harusi ya binamu. Viza ya kutoka huombwa na kafili, bosi aliyekuleta, kwa simu yake mwenyewe, kazi ya dakika mbili, na dakika hizo mbili hazikupatikana kwa mwaka mzima. Wala msidhani alikuwa mwanamke katili. Tulikula alichokula yeye, na siku jino liliponiuma aliendesha gari mwenyewe kunipeleka kwa daktari, mimi dereva nimekaa nyuma nimeshika shavu. Ila alikuwa amezoea kwamba Celestine yupo, basi hakuona kwa nini asiwepo.

Huko Kisii Celestine alikuwa amemwacha mwanawe, Jeremy, wa mwaka mmoja na nusu, mikononi mwa mdogo wake Monicah. Ndiyo maana nilimwita Mama Jeremy, naye akaniita Baba Ashley, kwa jina la binti yangu. Mtoto alikua ndani ya simu, kipande kwa kipande: leo jino, kesho kaptura mpya, keshokutwa wimbo wa chekechea. Kisha siku moja, nikiwa naosha gari karibu na dirisha la jikoni, nilimsikia akiuliza kwa sauti safi kabisa, "Mama, huyu anti anataka nini?" Mama aliyeulizwa ni Monicah. Celestine akakata simu, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari. Iliniuma mimi, nikasugua lile gari mpaka nikachubua rangi.

Sasa tuje kwenye jiwe.

Kazi ya Madam Hind ni kupamba mikahawa na maofisi ya watu. Siku moja niliwapeleka soko la zamani, Al-Dirah, yeye akitafuta vyetezo na Celestine akiwa wa kubeba. Kuna duka pale linauza vyungu vya mawe vya kupikia nyama, vinavyotoka kusini upande wa Jizan. Celestine akasimama. Akachukua kifuniko, akakikwaruza kwa ukucha, akautazama unga mweupe uliobaki kidoleni, akacheka. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa sauti.

"Baba Ashley, hili ni jiwe letu," akasema. "Hebu shika. Hili ni la nyumbani kabisa."

Mwenye duka akafoka kwamba bidhaa yake inaharibiwa. Madam alipokuwa akimtuliza, Celestine aliniomba ufunguo wa gari, na kwa ncha yake akachora samaki juu ya kifuniko kile, magamba yote, hata jicho lenye kiburi. Sasa kiliharibika kweli, ikabidi Madam akinunue. Njia nzima ya kurudi Madam alikigeuzageuza mapajani.

Tabaka, alinieleza baadaye, kazi imegawanywa tangu zamani. Wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake hubaki na maji: huosha, husugua kwa msasa uliolowa, huosha tena, hupaka nta. Mwanamke hashiki patasi. Baba yake alipoumia mgongo, Celestine aliishika, mlango ukiwa umefungwa, na vifaru na ndege aliowachonga wakaenda sokoni kama kazi ya mzee. "Jina lake, mikono yangu," aliniambia, na alivyolisema utadhani ni jambo la jana.

Haukupita mwezi, bamba la jiwe kutoka Jizan, refu kama mlango, likapandishwa na wanaume sita hadi juu ya paa la nyumba, katikati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Jamaa mmoja wa Jeddah, Bosi Talal, alikuwa anafungua mkahawa wa chakula cha Kijapani karibu na bahari. Mpishi wake mkuu ni Mfilipino, wahudumu wake ni Wabangladeshi na Wakenya, na katika mambo yote haya sikumwona Mjapani hata wa dawa. Lakini ukutani, mahali ambapo maji yangekuwa yakiteremka mchana kutwa, alitaka awepo mungu wa kike wa bahari wa Wajapani, na Madam Hind akamwahidi atampata. Mikono ingekuwa ya Celestine. Naye alitaja alichotaka pale pale sebuleni, mimi nimesimama mlangoni na mifuko ya sokoni.

"Madam, nikimaliza jiwe, naenda kumwona mtoto wangu."

"Inshallah," akasema Madam.

"Inshallah ya lini?"

Madam alimtazama, kisha akacheka, akatoa neno lake: siku jiwe litakapokubaliwa, viza inatoka.

Akamletea kitabu kikubwa cha picha. Mungu mwenyewe anaitwa Toyotama, binti wa mfalme wa bahari. Kila mchoraji amemchora vivyo hivyo: nguo ndefu za mawimbi, uso umeinamishwa, mkono wa nguo umefunika mdomo. Celestine akauliza anajificha nini. Madam akamsomea, nami nikasikiliza nikijifanya nahesabu mifuko. Huyo binti aliolewa na mwindaji wa nchi kavu. Siku za kujifungua zilipofika akatoka baharini, akajengewa kibanda ufukweni, paa la manyoya ya ndege, na uchungu ukamshika kabla paa halijaisha. Akamwambia mumewe: nitajifungua kwa umbo la kwetu, usichungulie. Mume akachungulia. Akaona mnyama mkubwa wa baharini, wengine husema papa, wengine husema mamba, anagaagaa chini kwa uchungu. Toyotama akaona haya, akamwacha mtoto, akarudi baharini na kuifunga njia. Kisha akamtuma mdogo wake aje amlee yule mtoto.

Hapo Celestine aliurudisha ukurasa kwenye ule uso uliofunikwa.

"Aone haya ya nini?" akasema. "Alimwambia asichungulie. Aliyechungulia ndiye afunike uso."

Akachukua kipande cha mkaa, akapanda juu.

Alichonga saa zile za baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ikiwa imelala, na asubuhi za Ijumaa. Nilikuwa nikimpelekea chai. Siku moja nikamchokoza: Mkatoliki wa Tabaka, unamchonga mungu wa Wajapani juu ya paa la Mwislamu, padri wako akisikia? Hakuinua kichwa. "Mimi siombi kitu kwake, Baba Ashley. Huyu ni mama wa mtu. Basi."

Na alivyomchonga, jamani. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni yule mnyama, mkia umejipinda, magamba yameinuka, na kando yake kibanda chenye paa la manyoya, nusu yake wazi. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni mwanamke aliyetoka kuzaa: jasho, nywele zimeshikana. Mkono wa nguo ameushusha. Uso mzima uko nje, macho yanakutazama wewe uliyesimama hapo, na unajikuta unajiuliza umefanya nini. Nilishuka ngazi siku hiyo nikaenda kumpigia simu mama Ashley, bila sababu.

Madam Hind alipanda kuangalia, akasimama, akasema hapana. Mkia sawa, manyoya sawa. Uso hapana. Kwanza kitabuni hayuko hivyo. Pili Bosi Talal ana wateja wasiopenda sura ya mtu iwakodolee macho wakila.

"Funika kwa mkono wa nguo," akasema.

"Mkono nimeshaushusha, Madam. Jiwe halirudi."

"Basi sugua uso wote, ubaki bapa. Ukisugua, viza kesho. Usiposugua, mafi safari, hakuna."

Mchana ule wote nilisikia msasa ukikwaruza kule juu ya paa. Jioni nilipopanda, uso haukuwapo. Palikuwa bapa, peupe, unga umejaa kila mahali, na Celestine amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyusi zake nyeupe. Nilimkasirikia, nasema kweli. Nilielewa kwa nini, nami ningefanya hivyo hivyo kwa ajili ya Ashley, lakini nilimkasirikia nikashuka bila kumuaga.

Madam alifurahi. Aliupenda ule weupe, akapitisha kidole, akasema unafanana na marumaru.

"Madam, jiwe hili halijaoshwa," Celestine akamwambia.

"Usilioshe. Nalitaka jeupe hivi hivi. Halas, yameisha."

Kesho yake viza ikatoka. Pasipoti ikatoka kwenye kabati lililofungwa, na tiketi ya Jeddah kwenda Nairobi, saa mbili usiku, siku ile ile ya kulifunga jiwe ukutani. Madam akapanda ndege. Sisi tukapewa gari la mizigo, jiwe limelazwa nyuma juu ya magodoro, tukaondoka alfajiri ya siku moja kabla. Nilinuna hadi tukakaribia Taif. Yeye alikuwa akitafuna biskuti na kutazama jangwa kana kwamba tunaenda harusini.

Tulisimama kituo cha mafuta. Niliporudi kutoka msalani nilimkuta amepanda nyuma ya gari, ameondoa blanketi, ana chupa ya maji ya kunywa mkononi.

"Njoo uone, wewe uliyevimba."

Akamimina. Weupe ukateremka kama maziwa, na chini yake jiwe likawa kijani kilichokolea, na mshipa mwekundu uliopita jiweni ukatokea pale pale shavuni. Kisha macho. Nilirudi nyuma hatua moja, sioni aibu kusema.

"Nilisugua, si alisema nisugue?" akasema Celestine. "Lakini kwanza niliichimba mistari ndani zaidi, halafu nikaishindilia unga wake mwenyewe. Msasa mkavu nikapitisha juu juu. Jiwe likikauka na vumbi lake huoni kitu. Nilimwambia halijaoshwa. Hata mtoto wa Tabaka angejua kuuliza maji yako wapi."

Nilicheka hadi Mpakistani wa pampu akaja kutazama. Halafu nikaacha kucheka. Kule ukutani maji yangefunguliwa, na viza iko ndani ya simu ya Madam, na iliyoombwa kwa dakika mbili inafutwa kwa dakika mbili, hata ukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Nikampa mpango, na ulikuwa mpango mzuri. Tufukie uso tena kwa unga, jiwe lifungwe asubuhi, na kabla ya maji nimpeleke uwanja wa ndege nikisema trafiki ya Jeddah ni mbaya. Wakija kufungua koki, yeye yuko ndani zamani.

"Nitoroke?" akaniuliza.

"Usitoroke. Uwahi."

"Baba Ashley, kazi haiishi mpaka ioshwe. Maisha yangu yote nimeosha kazi za wanaume. Hii ni yangu, na unataka iogeshwe na fundi bomba nisipokuwepo?"

Nikamkumbusha Jeremy. Nilikuwa na haki ya kumkumbusha. Alifunika jiwe kwa blanketi taratibu, akakaa juu ya ukingo wa gari.

"Nimemkumbuka," akasema. "Nikienda nimejificha, nitafika kwake nimejificha."

Nikawasha gari, na maneno hayo yakanikera kilomita mia mbili zilizobaki.

Usiku ule, jiwe likiwa limekauka, aliufukia uso tena kwa unga aliokwaruza mgongoni mwa jiwe, na kesho yake Jeddah walilifunga ukutani kabla ya adhuhuri. Baada ya sala ya alasiri Bosi Talal akaja na thobe lake, kanzu iliyonyooka, Madam Hind pembeni yake anaeleza weupe na Japani na theluji. Mpishi Mfilipino akatoka na wahudumu wake wakasimama mstari. Fundi bomba akauliza kama afungue. Celestine akapita mbele yao wote, leso yake begani, akaishika koki mwenyewe, akaifungua.

Hakuyaachia maji yafanye kazi peke yake. Aliilowesha leso akaanza juu kwenye nywele, akishuka polepole, mkono wa duara kama wanavyoosha kwao, akikamua, akirudia. Unga ukateremka juu ya sakafu mpya ya Bosi Talal. Likaja paji la uso. Yakaja macho. Alipomaliza mkia akasimama kando, nguo zake zimelowa hadi magotini, na wanawake wawili sasa walikuwa wakitutazama, mmoja wa jiwe na mmoja wa nyama.

"Madam, nilikuambia halijaoshwa," akasema. "Sasa limeoshwa. Mimi ndiye niliyelichonga na mimi ndiye niliyeliosha."

Madam Hind alitoa simu. Niliona kidole gumba chake juu ya kioo, na Celestine alikiona.

"Futa kama unafuta. Nitarudi Suwaidi, nitapika, nitafua. Na kila asubuhi nitakuuliza Jeremy. Lakini uso ule siufuniki tena."

Bosi Talal alisogea mpaka matone yakamfikia, akatazamana na jiwe, mikono nyuma. Nilimwomba Mungu wangu kimyakimya, na nadhani niliomba na wa Wajapani pia.

"Mama yangu alikuwa akitutazama hivi tukivunja kitu," akasema hatimaye. Akageuka kwa mpishi. "Iache. Asiyempenda akae meza ile, ampe mgongo."

Hapo ndipo Madam alipoumia kweli. Mteja ameridhika na bado yeye ameonekana mjinga mbele yake. Nilimhurumia kidogo, sikatai. Akaandika kwenye simu, akaandika tena, akaigeuza Celestine aione.

"Wewe ni fundi sasa. Basi huna haja na mimi. Nimekutoa kabisa, final exit. Hurudi kwangu, hurudi nyumba yangu."

Kazi imekwenda, hivyo tu, kwa kidole. Nilingoja Celestine apige magoti, kwa maana nimewaona wenye vifua vipana wakipiga. Yeye aliisoma ile simu yote, neno kwa neno, akaangalia jina lake na nambari yake ya ikama, kile kibali cha kukaa, kama viko sawa.

"Shukran, Madam. Hilo ndilo nililokuwa sijui namna ya kuliomba."

Akanigeukia, akanyoosha mkono. "Baba Ashley, nipe ufunguo wa gari."

Nikampa. Akachuchumaa chini ya maji, na pale mkia unapoishia akakwaruza kwa ncha ya ufunguo, herufi kubwa: CELESTINE, TABAKA. Hakuna aliyemzuia. Nilimpeleka uwanja wa ndege akiwa bado amelowa, akaniharibia kiti.

Madam Hind bado ni bosi wangu. Huwatumia wateja wake picha za ukuta ule, na picha zote zimekatwa chini, jina lisionekane. Kila nikienda Jeddah naingia kwa mlango wa jikoni, wale Wakenya wananipisha, naenda kuangalia. Jina lipo.

Celestine alinipigia siku ya tatu baada ya kuondoka. Nilitarajia kelele za furaha, ndugu, jirani, wimbo wa chekechea. Kulikuwa kimya. Nikamuuliza mtoto hajambo.

"Amejificha nyuma ya Monicah tangu juzi," akasema. "Ananichungulia tu. Monicah anataka kumsukuma aje anisalimie, nimemkataza. Nimeweka kiti changu hapa mlangoni. Aniangalie mpaka achoke, Baba Ashley. Mimi siendi popote."